Uko na Nani Hapo?

Mi naitwa Odette, na kabla hujaniuliza, ndiyo, ni mi niliyekuwa naandika ile blogu. Usinipe sifa. Sifa ndizo zilizonifunga.

Mwaka 2004 nilikuwa nimekwama Bujumbura. Kwetu ni Uvira, Kongo, hapo ng'ambo ya ziwa tu. Siku isiyo na ukungu unaiona milima yake ukiwa sokoni Jabe unachagua nyanya. Lakini njia ya Gatumba, ya kwenda mpakani, ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, na waliojaribu kupita walirudi na hadithi ambayo sikutaka iwe yangu. Mama alibaki kule na mdogo wangu Destin. Mi nikabaki huku na chumba kimoja, na jioni amri ya kutotoka nje inatuingiza ndani kama kuku.

Asubuhi nilikuwa nafagia kwa Gélase, mwenye duka la intaneti Nyakabiga. Kompyuta sita, nne zinawaka. Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye mambo haya.

"Da Odette, we unajua kusimulia," akasema. "Watu wenye walikimbilia Ulaya wanatafuta habari za mitaa yao. Fungua blogu."

"Niandike nini?"

"Chenye umeona."

Nikaipa jina hilohilo, Chenye Nimeona, yaani nilichokiona. Mwezi wa kwanza nilipata wasomaji watatu, na nadhani wawili walikuwa Gélase kwenye kompyuta tofauti. Kosa lilikuwa langu. Niliandika mambo makubwa, amani, mazungumzo, wakubwa wamesema nini. Nani alihitaji hayo? Redio ilikuwa inatosha. Siku moja, kwa hasira tu, nikaandika avenyu moja ya Buyenzi kutoka mwanzo hadi mwisho: gereji gani imefungua, ukuta gani umetobolewa na risasi, nani bado anauza mandazi pale pembeni ya msikiti. Kesho yake barua kumi na moja, kutoka Montreal, Oslo, Brussels. Mwanaume mzima aliniandikia kwamba amelia kwa ajili ya mandazi.

Hapo nikaielewa kazi. Kila Jumatatu mtaa mmoja, kwa miguu yangu, kwa macho yangu. Siasa hapana. "Inasemekana" hapana. Wakaanza kunituma: nenda kamwone baba, nenda uangalie kama nyumba bado ina paa. Walilipa, wakaambiana wao kwa wao, wakaongezeka. Jimmy wa teksi za Jabe akaweka tangazo lake. Nikaweka ufagio chini, Gélase akanipa kompyuta ya dirishani. Yote hayo yalisimama juu ya jambo moja tu: Odette haandiki asichokiona.

Mmoja wa walionituma, Bonfils, alikuwa Brussels, anaosha vyombo hotelini, anaishi peke yake kwenye chumba cha ghorofa ya tano. Kila Ijumaa nilikwenda kwa mama yake, Mama Adélaïde, hapohapo Nyakabiga, nakunywa chai, halafu namwandikia alichosema. Yule mama alikuwa na maneno. Angesema sukari imepanda, jirani ni mwizi, padri anahubiri mpaka watu wanasinzia, na mwisho kila mara: "Umuambie aoe."

Ijumaa moja mwezi wa nane nikakuta viti vimejaa uani na wanawake wamekaa chini. Ilikuwa presha. Alikufa Jumanne, wakamzika Alhamisi. Nililia kweli, nilikuwa nampenda. Mama Scholastique, mdogo wa marehemu, akanivuta pembeni.

"Usimuandikie mutoto."

"Mama, mi naandika chenye nimeona."

"Sikia. Mutu hawamuambie kifo akiwa peke yake. Kwanza unamuuliza, uko na nani hapo? Kama hana mutu, unanyamaza mpaka apate. Binamu yake Sylvère atatoka Liège, ataenda kukaa naye, ndiyo amuambie. Siku mbili, tatu. We si mutu wa kwenu Uvira? Kwenu hamufanyake hivyo?"

Tunafanya hivyo. Nimelelewa hivyo. Msiba haurushwi kama jiwe juu ya mtu aliyejifungia chumbani. Anatafutiwa watu wa kumshika kwanza. Basi nikaandika: Nyumbani wanakusalimia.

Sylvère hakwenda. Kwanza ilikuwa karatasi zake, halafu kazi, halafu mguu. Wiki ya pili, ya tatu, ya sita. Kila Ijumaa nilikaa kwenye kiti kilekile, Mama Scholastique ananimiminia chai, ananiambia "wiki hii tu," na mi natunga. Niliandika, Mungu anisamehe, "Mama anasema uoe." Bonfils akatuma pesa za dawa ya presha. Nikazipeleka, nikaziweka mezani, nikatoka bila kuaga. Akaomba picha. Nikasema kamera imeharibika. Nilijichukia. Nikisema, namuua mtu peke yake ghorofa ya tano. Nikinyamaza, namwibia mama yake kila wiki. Hata kutoroka niende wapi? Njia ilikuwa imefungwa.

Jumatatu ya wiki ya tisa nikafungua barua zangu. Bonfils: "Da Odette, wengine wote wananificha mambo, ninakuamini we tu. Wiki hii mama alisema nini?"

Chini yake kulikuwa na barua ya Destin. Yeye alikuwa anafagia ofisi ya shirika moja kule Uvira, na saa sita mchana walimruhusu kugusa kompyuta. "Yaya," ndivyo kwetu mdogo anavyomwita dada yake mkubwa, "tuko wazima. Nyumbani wanakusalimia."

Nikasoma. Nikarudia. Maneno yalikuwa yangu kabisa.

Nikafungua barua yake ya wiki iliyopita, na ya kabla yake, na ya kabla ya hiyo. Wiki saba za salamu. Hakuna mama alichokula, hakuna mtu aliyegombana naye. Na mama yangu hajawahi kumaliza siku bila kugombana na mtu, hata kama ni mbuzi wa jirani. Ningeyaona mapema kama nisingekuwa nimejazwa na uongo wangu mwenyewe.

Ilikuwa saa sita na robo. Nikamwandikia Destin haraka, kwa hasira, au niliita hasira: "Usinitumie salamu. Nimechoka na salamu. Niambie chenye umeona."

Nikangoja. Mashine ilikuwa nzito siku ile. Mteja mmoja alilipa, akatoka. Halafu jibu likaingia, mstari mmoja.

"Yaya, uko na nani hapo?"

Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, migongo ya watu nisiowajua.

"Gélase," nikasema. "Kuja ukae hapa."

Alikuja na ankara mkononi, akausoma ule mstari juu ya bega langu. Alivuta kiti, akakaa, akaweka ankara sakafuni.

Niliogopa kumjibu Destin, ndiyo maana nilianza na Bonfils. Nikamwandikia: "Wiki hii mama yako hakusema kitu, na hizi zilizopita nilikuwa natunga. Usinijibu bado. Teremka ngazi, gonga mlango wa jirani yeyote, hata usiyemjua, umuombe akae na we. Akishakaa, niandikie jina lake."

Nikatuma. Gélase alikuwa ameushika mkono wangu wa kushoto, basi nikaandika kwa ule wa kulia peke yake, herufi mojamoja.

"Niko na Gélase. Sema."