Namba Sita za Kipushi

Kila asubuhi, kabla ya kubandika maji ya chai, Mujinga aliwasha kwanza televisheni ili ajue mjukuu wake alishindaje jana. Huduma ile ya filamu za intaneti ilikuwa moja kwa nyumba mbili: yake ya Kampemba, na ya Kipushi alikoolewa binti yake Christiane, ambaye sasa ni marehemu. Christiane ndiye aliyeiunganisha. Kwenye kioo palikuwa na paka wa manjano, chini yake jina Benita, na ukimbonyeza paka unaziona katuni zote alizotazama mtoto, na mstari mwekundu unaoonyesha alipoishia. Katuni ikikatika katikati, Mujinga alisema, ameitwa kula. Ile ya nguruwe dereva ikirudiwa mara tatu siku ya shule, alijua mtoto ana homa, na siku hiyo aliiwasha tena na tena.

Msimcheke. Aliyefiwa na binti, na mwaka wa pili sasa hajaletewa mjukuu, hushika anachopata. Kwenye matanga shangazi za Christiane walimwambia mkwe mbele za watu kwamba amemla mke wake kwa uchawi. Mujinga alisikia, hakuwakemea. Mwanaume akambeba mtoto wake, akarudi Kipushi, na hakuonekana tena.

Jumanne moja televisheni ikakataa. Iliandika kwamba haiko katika nyumba ya mwenye huduma, na kwamba ili iendelee inataka namba sita zilizotumwa kwenye simu yake, ziingizwe kabla ya dakika kumi na tano kwisha. Mwenye huduma ni Christiane. Na simu ya Christiane anayo mume wake, Onésime.

Hapo ndipo penye mwiba. Kwa Waluba wa Kasai, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawasemezani. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na neno lao hupita kwa mtu wa kati. Onésime ni Mnande wa Butembo, mtu wa malori, hakulelewa hivyo. Mujinga mwenyewe ndiye aliyemfunza, siku za posa, kwa ukali wa mwalimu aliyekula chaki miaka thelathini: "Nikiingilia mu mulango, weye tokea mu dirisha." Kijana akashika somo lote. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Na mtu wao wa kati, miaka yote, alikuwa Christiane.

Jirani yake Nkandu, anayeuza kikanda, ile keki ya mizizi na karanga, pale getini, akakubali kupiga simu. Mara ya kwanza Onésime alikuwa barabarani na simu ya marehemu imebaki nyumbani. Mara ya pili alipokea, akasalimia kwa adabu, akauliza habari za mama, akatafuta miwani, na namba zikafika muda wake umekwisha.

Alhamisi Nkandu alikuwa sokoni. Mujinga akaomba namba tena kwenye televisheni, akatazama saa ya ukutani, dakika kumi zikapita akiwa ameishika simu mkononi. Ya kumi na moja akapiga mwenyewe. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Allô?"

Ilikuwa sauti ya mtoto, yenye kuvuta mwisho wa neno kama Christiane alivyovuta. Mujinga akavuta kiti, akakaa.

"Papa ametoka inje," mtoto akasema. "Ameona namba yako, akatoka. Anasema njo heshima. Weye njo nani?"

"Njo miye, Kaku, nkambo yako."

"Kaku gani? Miye niko na nkambo ya Butembo tu."

Mujinga akatazama saa. Zilibaki dakika mbili. Angeweza kumweleza kwamba yeye ni bibi yake, mzaa mama. Angeweza kumwimbia ule wimbo wa kumlaza, labda angekumbuka. Lakini alimwona paka wa manjano anamponyoka, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya darasani.

"Soma namba kwanza! Ile bametuma ku telefone, soma mbio!"

"Quatre... zéro... sept..."

"Mbio, mutoto!"

Mtoto akaanza kulia, na simu ikakatika. Alipopiga tena, iliita mpaka ikachoka. Alijua mkwe wake amesimama uani, amegeuzia simu mgongo, kama alivyofundishwa.

Jumamosi Nkandu aliingia mbio mbio na karatasi iliyoletwa na dereva wa lori. Onésime aliandika kwamba mama asiteseke tena, amemlipia huduma yake mwenyewe, ya mwaka mzima. Nkandu akaingiza maneno yaliyoandikwa. Picha ikatokea moja tu, kichwa cha buluu, na jina Mujinga; paka wa manjano hakuwepo.

"Mukwe wako iko muntu muzuri," Nkandu akasema.

"Iko muzuri," Mujinga akajibu. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilimkata maini.

Alipobaki peke yake aliitafuta katuni ya nguruwe dereva. Haikuwa na mstari. Akaiacha iende mpaka katikati, akaisimamisha pale ambapo mtoto angeitwa kula, akazima.

Asubuhi aliwasha kabla ya chai. Mstari mwekundu ulikuwa palepale alipouacha.