Mahali pa Kumlaza Thevan

"Futa 'tunaomba'," alisema Kunjappan, fundi nguo. "Andika 'tunadai'. Tangu lini mtu akaomba kilicho chake?"

Mwalimu Divakaran akafuta, akaandika upya. Ilikuwa mara ya nne. Chirutha aliketi kando ya dirisha la chumba cha kusomea, mikono mapajani, akisubiri kuitia barua sahihi. Mumewe, Thevan, alikuwa amefariki alfajiri. Sasa ilikuwa saa tano.

Mtaa wao, kwenye mteremko nyuma ya shamba la mpira, haukuwa na makaburi. Wakubwa wa hekalu walikuwa na mahali pao pa kuchomea maiti, lakini si kwa watu wa tabaka la chini kama wa mtaa ule. Waliofiwa walivunja sakafu ya jikoni, wakazika humo. Mama mkwe wa Chirutha alilala humo, upande wa dirisha. Katika ugonjwa wake Thevan aliomba jambo moja tu: asilazwe mahali watu wanapopikia.

Ndiyo sababu ya barua hiyo kwa ofisi ya ardhi. Nyuma ya shule palikuwa na kiwanja cha serikali, kitupu miaka yote. Wamzike pale.

Kundi lao, Mwalimu na Kunjappan wakiwemo, lilikutana chumbani humo kila Jumamosi kusoma na kujadiliana. Hawakuwa watu wa ibada. Walisema imani yao ni binadamu. Chirutha alijifunza kusoma katika chumba hichohicho, darasa la jioni, akiwa na miaka hamsini na miwili, na kila Jumamosi aliwaombea wote kwa Mungu bila kuwaambia. Mwezi uliopita alisoma mbele yao ukurasa mzima unaosema hakuna binadamu anayemzidi mwenzake thamani. Hakukwama hata mara moja. Walimpigia makofi.

Akatia sahihi, herufi baada ya herufi.

Saa nane Mwalimu alirudi kutoka ofisi ya ardhi, shati limelowa jasho. Ofisa aliipokea barua vizuri, akausifu mwandiko, akaigonga muhuri. Angeipeleka wilayani. Majibu baada ya wiki tatu.

"Ulimwambia kwamba Thevan amekufa, au alidhani anaumwa?" Chirutha aliuliza.

"Nilimwambia, dada."

Kunjappan akataka wamzike kwa nguvu. Lakini polisi wawili walikuwa wameshasimama kwenye kiwanja. Barua ilikuwa imewaeleza mahali hasa, na hata saa ya mazishi.

"Kama tusingeandika..." Mwalimu alianza.

"Mvua inakuja," alisema Chirutha.

Jikoni kwake aliwaonyesha mwenyewe pa kupiga sululu, maana yeye ndiye aliyejua mama mkwe anaishia wapi. Alipima kwa kamba ya usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, aliyoisokota kwa viganja vyake, kazi yake ya miaka thelathini. Kati ya kaburi la zamani na ukuta palipungua shubiri mbili. Akapima tena, akiilegeza kamba kana kwamba ingemwonea huruma. Kisha, ili nafasi itoshe, akayatoa mafiga, moja moja, akayapanga nje.

Thevan alipofikishwa ukingoni mwa shimo, Mwalimu alitoa kitabu mkobani. Akauliza kwa sauti ndogo kama asome kitu.

"Usisome, Mwalimu. Shika kamba upande huu."

Akashika. Haikuwa mikono ya kazi ile, usumba ukamchubua. Chirutha akaomba kwa sauti, mara ya kwanza mbele yao, na wakateremsha polepole, bila mtu kupinga neno lolote.

Walifukia, wakashindilia, wakasiriba udongo mbichi. Jirani akaleta sufuria ya uji wa wali, wakala wamesimama barazani, wamebanana, mvua ikiwarushia matone miguuni. Uji haukuwa na chumvi. Kopo la chumvi lilikuwa kwenye rafu ya jikoni, ukuta wa ndani kabisa, ng'ambo ya udongo ule mbichi, na kila aliyeonja alilitazama, kisha akaendelea kula.

Chirutha akaweka bakuli chini. Akaosha miguu kwa maji ya mvua, akasimama kizingitini, macho kwenye kopo la chumvi.