Nafasi Moja Gari la Uroa

Haya nilihadithiwa na mama yangu, Mwanakheir, tukimenya muhogo, mwaka uliofuata ule wa mafua makubwa ya 1957.

Wakati wa mafua magari ya abiria ya shamba, kama letu la Uroa, yalikatazwa kujaza watu, na mwenye homa hapandi. Mama alikuwa akienda mjini kwa dada yangu Shemsa, aliyeshikwa na uchungu wa mimba ya kwanza. Wakingojea gari, akamnong'oneza Bi Khamisa, kungwi wake aliyemfunda uwarini, ambaye tangu hapo alimwita Somo: "Jana nlikuwa na homa, lakini nshapoa." Siri ya mwari haitoki kwa kungwi wake.

Gari likafika, limebaki na nafasi moja.

"Nani apande?" akauliza utingo.

"Mimi," akasema Bi Khamisa. "Huyu mwanangu ana homa tangu jana."

"Somo, wewe wa kunisema?"

"Nnangojewa harusini, mwanangu. Wewe utakwenda kesho."

Mama akabaki njiani na kikapu chake cha uzazi. Jioni akavua kiunoni shanga alizovishwa na kungwi yule, akazitupa nje kwenye kuku. Akajilaza bila kula, akimwita Shemsa kimoyomoyo, mpaka usingizi ukamchukua.