Kilio cha Ummukulthum

Mwanangu Ummukulthum alizaliwa na koo lake, wallahi. Hospitalini wakunga wa Kizungu walicheka: kale katoto kembamba, sauti ya mnadi samaki! Mimi nikafurahi, maana mdomo wangu mwenyewe Mkunazini nzima, mtaani kwetu Unguja, waujua. Nikamwambia mume wangu, Muhiddin, "Huyu wangu hasa. Hakuna wa kumwonea."

Ilikuwa mwaka wa sabini, tunakaa Walthamstow huko Uzunguni, chumba kimoja cha juu. Nyumba kumi na moja zilikuwa zimetukataa, nyingine kwa rangi, nyingine kwa tumbo langu. Aliyetupokea ni Mahendra, Mhindu wa kwetu Unguja, aliyekimbia mapinduzi kama sisi. Mtoto alipofikisha wiki tatu alikuja akasimama mlangoni, haya zimemjaa.

"Bi Mardhiya, mimi sina neno. Lakini yule mzee wa chini yumo humu miaka ishirini, siwezi kumtoa. Akilalamika tena juu ya mtoto, itabidi mhame nyinyi."

Tuhame twende wapi, na baridi ile?

Basi nikaanza kazi. Akifungua mdomo tu, namtia ziwa anyonye. Akilikataa, namfunika mdomo kwa kiganja na kumkazia macho: "Sss!" Loo, alikuwa mkaidi! Alinibishia mwezi mzima, akirusha miguu. Nami nilikuwa mkali, sifichi. Nilimtisha mtoto mchanga. Mwishowe akajifunza kuusoma uso wangu. Alipofika miezi sita, midomo ikianza kumcheza alinitazama kwanza mimi, kisha akakimeza kilio chake.

Na sifa nilizipata! Wanawake wenzangu wakija Jumapili walisema, "Mama Kulthum, umemkunja samaki angali mbichi! Mtoto mpole, hata humsikii." Nikavimba kichwa. Mpumbavu mimi.

Alipokaribia mwaka tukapata flati ya council, ya manispaa, huko Thamesmead, kuta nene, chini yetu hakuna mtu. Siku tuliyohamia nilimweka katikati ya chumba nikamwambia, "Haya mwanangu, lia! Piga makelele, hapa kwetu!" Muhiddin akacheka. Mtoto akatukodolea macho tu.

Wiki ile ile, saa tatu asubuhi, nilimfunga nepi ya kitambaa kwa pini, haraka haraka, nikarudi kupanga vyombo. Akakaa kwenye zulia, kimya. Uji wa saa nne hakuutaka. Nikasema, ah, meno hayo. Nikaendelea na masufuria yangu.

Adhuhuri nilipomfungua, nilikuta pini imeachia. Ilikuwa imezama pajani, na damu imekauka kwenye kitambaa.

Tangu saa tatu! Mimi nipo hatua nne kutoka alipo, naimba jikoni!

Nikaichomoa. Mwili ukamruka, midomo ikamcheza, na macho yake yakaja moja kwa moja usoni kwangu. Nilikuwa nalia kwa sauti, kamasi zinanitoka. Nikampigia magoti mtoto wa miezi kumi na moja.

"Lia, mama. Nakuomba, mwanangu, lia. Sikukasirikii. Mbona hukuniita?"

Alinitazama kwa muda mrefu, paja limevimba, machozi yamemlenga. Kisha akanichekea.