Sawa Kama Meza

Jumamosi, tarehe kumi na nane, mwezi wa nane. Asubuhi ilipambazuka na upepo. Haukuwa upepo wa kung'oa miti. Ulikuwa ule wa vipindi, unaotulia mpaka mtu akausahau, kisha ukarudi ghafla na kuyapiga mabati kofi. Mbingu zilikuwa safi. Mama Pacha alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akaitazama kamba ya kuanikia nguo ikirukaruka, na moyo wake ukakosa pa kukaa.

Hakuwa mwoga wa kuzaliwa. Alikuwa fundi cherehani, na sindano ilikwisha kumpenya kidole zaidi ya mara moja bila yeye kupiga kelele. Lakini gari jipya la mumewe lilimtia hofu ambayo hakujua aianzie wapi kuieleza. Lilikuwa gari kubwa jeusi, refu kwenda juu, walilolipata kwa daktari mmoja aliyehama. Huko chini nyuma halikuwa na springi za chuma kama la zamani. Lilikaa juu ya mifuko ya hewa. Ukilipakia mzigo, matako yake yalishuka kidogo, kisha pampu ikanguruma kama paka aliyeshiba, na gari likajiinua lenyewe mpaka likawa sawa. Ukilipunguzia mzigo, lilishusha pumzi likarudi chini, likawa sawa tena.

"Gari lina adabu hili," mumewe alipenda kusema. "Halinuni."

Mumewe aliendesha basi la shule mpaka alipostaafu, na watoto wa basi ndio waliompa jina la Kapteni. Kila safari ya kuvuta tela lao la kulala, Kapteni alikuwa na desturi yake. Alikwenda mpaka getini, akachuchumaa, akafumba jicho moja, akalitazama gari na tela kwa ubavuni. Kwa gari la zamani kipimo hicho kilikuwa hakikosei. Mzigo ukizidi mbele ya tela, nyuma ya gari ilididimia. Ukizidi nyuma ya tela, gari lilibinuka mkia kama kuku anayechakura. Basi Kapteni alihamisha vitu huku na huku mpaka vyote viwili vikanyooka, kisha akapaza sauti: "Sawa kama meza!" Na mkewe, aliyesimama penye ndoano, sharti aitikie, "Sawa!" Ndipo waliposali na kuondoka. Miaka yote walikwenda hivyo wakarudi salama.

Safari hii haikuwa ya matembezi. Mama yake Kapteni, mkwe wa Mama Pacha, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alitakiwa kufanyiwa upasuaji wa nyonga Jumatatu, katika hospitali ya mji ulio chini ya milima. Wangelala kwenye tela karibu na hospitali mpaka atakaporuhusiwa. Ndiyo maana Mama Pacha alibeba kazi yake: cherehani mbili, moja yao ya chuma kitupu ya kushonea turubai, na majora ya kitambaa cha mavazi ya kwaya. Kapteni alivisukuma vyote chini ya kitanda, na kitanda kilikuwa nyuma kabisa ya tela. Tangi la maji nalo lilikuwa huko huko nyuma, naye alilijaza mpaka likafurika.

"Maji ya mjini mimi siyaamini," alisema.

"Utayaamini vipi na hujawahi kuyaoga?" Bibi akamjibu.

Kisha likaja jambo la Bibi mwenyewe. Alikaa kwenye kiti cha gari, akajaribu kukunja mguu, jasho likamtoka.

"Jamani, njia yote hii nikikaa hivi nitafika nimekufa nusu. Nilazeni kwenye kile kitanda cha nyuma."

Mama Pacha alijua kwamba mtu hapandi ndani ya tela linalokokotwa. Kapteni alijua pia. Wakatazamana.

"Barabara yote ni lami," Kapteni akasema. "Nitakwenda kama nimebeba mayai."

"Haya," akasema Mama Pacha.

Akamlaza Bibi, akamwekea simu kifuani na mto chini ya goti. Kisha akatoka kumsaidia mumewe kufunga tela. Kazi yake ilikuwa kuuinua ule mkono wa chuma wa mbele ya tela na kuuweka juu ya tufe la chuma la ndoano, nyuma ya gari. Safari zote zilizopita waliuinua wawili, wakiguna. Leo aliuinua kwa mkono mmoja.

Alisimama nao hapo hapo. Ulikuwa mwepesi kama sufuria tupu. Upepo ukapiga mabati. Alifungua kinywa aseme, lakini Kapteni alikuwa ameshafika getini na jicho moja limefumbwa. Ndoano ikajifunga. Pampu ya gari ikanguruma kidogo, ikanyamaza.

"Sawa kama meza!" Kapteni akapaza sauti.

Naye akaitikia, "Sawa!"

Walisali wakiwa wameshikana mikono dirishani kwa Bibi. Mama Pacha aliomba ulinzi, na alipokuwa akiomba kitu kilimwambia ndani: unamwomba Mungu aseme kile ambacho wewe umekataa kukisema. Akasema amina haraka.

Kwenye tambarare mambo yalikwenda. Mara moja moja alihisi kiti kikivutwa kidogo kushoto, kidogo kulia, kama mtoto anayemvuta mama yake upindo wa nguo. Akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa akipiga mluzi.

Lori moja lilikuwa likiwafuata kwa nyuma. Lilipiga honi. Likapiga tena, ndefu.

"Huyu naye ana nini?" Kapteni akauliza kioo. "Wivu tu. Hajawahi kuona gari?"

Simu ikalia. Mama Pacha akaiweka sauti ya wote wasikie.

"Kapteni," ilikuja sauti ya Bibi, "punguza ngoma mwanangu. Huku sufuria zinacheza harusi na bibi harusi ni mimi."

Kapteni akacheka. "Tumekaribia mteremko, Mama. Shika kitanda."

Mama Pacha hakucheka. Alitaka kusema: simama. Neno lilifika kwenye meno, likarudi. Atasema namtia mkosi. Atasema mwanamke wa cherehani anajua nini habari ya matela. Akalimeza, akavuta mkanda wake, akaanza zaburi aliyoijua kwa moyo, na katikati ya mstari wa pili akausahau.

Barabara ikainama. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili nguzo fupi za saruji, na baada ya nguzo hapakuwa na kitu ila hewa. Walipotoka kwenye kivuli cha mwamba, upepo ukalipiga tela ubavuni.

Nyuma yao tela likaenda kulia. Kisha kushoto, zaidi. Kisha kulia, zaidi ya hapo. Gari lote likaanza kuyumbishwa, si na usukani bali na kile kilichokuwa nyuma yake. Katika kioo cha pembeni Mama Pacha aliona ubavu mzima wa tela, mweupe, dirisha la Bibi likiwa na pazia la maua, likatokea, likapotea, likatokea. Kwenye simu vitu vilianguka. Kitu kizito kiliburuzika. Bibi alipiga ukelele mmoja, kisha ikabaki sauti ya vyombo.

"Mama!" Kapteni akaita. Akakanyaga breki.

Ikawa vibaya zaidi. Gari lilipopunguza mwendo, tela halikupunguza. Lilisukuma, mkia ukafagia barabara yote, gurudumu likagonga ukingo wa saruji. Kapteni akakanyaga tena. Alikuwa akipigana na usukani mdomo wazi, na uso wake ulikuwa uso ambao mkewe hakuwahi kuuona katika maisha yao yote ya ndoa. Ulikuwa uso wa mtu asiyejua.

Ndipo Mama Pacha alipokumbuka. Siku gari lilipofika nyumbani, Kapteni alimkalisha kiti hiki hiki akamwonyesha kila kitu kwa majivuno. Alimwonyesha na kijiti kidogo kilichofungwa chini ya dashibodi. Hizi ni breki za tela peke yake, alisema. Tela likianza kucheza, usikanyage breki ya gari, Mama Pacha. Ondoa miguu, usukani uushike tu, usipigane nao, halafu bana hapa. Tela litajivuta nyuma, litanyooka. Yeye aliitikia sawa, sawa, huku akiwaza vifungo vya nguo ya mtu.

"Ondoa mguu!" alipiga kelele.

Kapteni hakusikia.

"Baba Pacha! Ondoa mguu kwenye breki! Ondoa sasa!"

Hakuwahi kumpandishia sauti hata siku moja. Mguu ukaondoka wenyewe, kama wa askari aliyeamrishwa. Mama Pacha akakinyakua kile kijiti, akakibana kwa nguvu ya vidole vinavyokata turubai. "Yesu, Yesu, Yesu," alisema, hakuwa na ombi refu kuliko hilo. Kitu nyuma kikavuta. Tela likapiga mkia mara moja zaidi, kisha fupi, kisha fupi zaidi. Likanyooka. Akaendelea kubana mpaka wakasimama kando ya mwamba na harufu ya mpira ulioungua ikawafikia.

Simu ilikuwa kimya.

"Bibi?" akaita. "Mama? Mama!"

Hakuna.

Hakukumbuka alivyofungua mlango. Alikimbia na miguu isiyokuwa yake. Mlango wa tela ulikataa kufunguka, jora la kitambaa lilikuwa limeuzuia kwa ndani. Akasukuma kwa bega mpaka ukaachia. Ndani palikuwa kama tumbo la mashine ya kufulia. Ile cherehani ya chuma ilikuwa imetoka chini ya kitanda na kulala kwenye njia. Na kitandani hapakuwa na mtu.

"Mama!"

"Usipige kelele, nina masikio," ikasema sauti chini ya godoro.

Bibi alikuwa amebanwa kati ya godoro na ukuta, mto umemkumbatia kama mume. Damu kidogo kwenye paji la uso, macho makavu. Mama Pacha akamshika mikono, akaanza kulia bila haya.

"Nipo, mkwe wangu, nipo. Nyonga ni ile ile mbovu. Nyingine hamkufanikiwa kuivunja. Nitoeni humu."

Dereva wa lori alikuwa ameshaliegesha lori lake nyuma yao na kuwasha taa za tahadhari. Alikuwa jitu la mtu mwenye sauti nyembamba. Yeye na Kapteni walimbeba Bibi wakamkalisha kwenye kiti cha kukunja chini ya mwamba, pasipo na upepo.

"Nimewapigia honi tangu tambarare," akasema dereva wa lori. "Mkia wenu unatikisika kama mbwa aliyeona nyama. Mzee, mzigo umeuweka wapi?"

"Mzigo uko sawa," Kapteni akajibu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimeupima kwa macho yangu. Umenyooka kama meza."

Dereva wa lori alikusanya mawe, akayakaza mbele na nyuma ya magurudumu ya tela. "Fungua ndoano," akasema.

Kapteni akafungua. Ule mkono wa chuma ulipanda wenyewe. Hakuna aliyeugusa; uzito wa nyuma ndio ulioubinua. Ulipanda polepole mpaka ukamfika Kapteni kifuani, na mkia wa tela ukalala barabarani. Na gari jeusi likashuka matako kidogo, pampu ikanguruma, likajiweka sawa, likatulia kama halikuwahi kuvuta kitu.

Kapteni alilitazama gari lake. "Kumbe lilikuwa linanidanganya."

"Halikukudanganya," Bibi akasema kutoka kitini. "Umelipakia, likanyamaza. Likajinyoosha, wewe ukaona raha." Akamgeukia mkwewe, na macho yake yalikuwa ya upole. "Wapo na watu ninaowajua, ukiwapakia chochote wanasimama sawa."

Mama Pacha alihisi mashavu yakiwaka. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua.

"Asubuhi," akasema, "mkono huu niliuinua kwa mkono mmoja."

Kapteni akageuka. "Mmoja? Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza ukiwa getini. Na jibu lilikuwa moja tu."

Lori jingine lilipita kwa kasi, upepo wake ukawapepea nguo. Kapteni akaketi juu ya jiwe, kisha akainuka, akaenda kufungua bomba la tangi.

Walimwaga maji yote ya tangi. Walizihamisha cherehani mpaka mbele kidogo ya magurudumu na kuzifunga kwa kamba. Bibi walimlaza kwenye kiti cha mbele cha gari, kimelazwa nyuma chote, mito mitatu. Akasema nyonga imuue akiwa anaona njia. Kisha mume na mke wakauinua mkono wa tela pamoja, na wote wawili wakaguna.

Kapteni akaanza kutembea kwenda mbali, kama desturi, akatazame. Hatua chache, akasimama. Akarudi mpaka pale ndoanoni, karibu kabisa na mkewe.

"Je, sawa?" akauliza, si kwa kupaza sauti.

"Naogopa," akasema Mama Pacha.

"Haya. Unaogopa nini?"

Akamwambia. Anaogopa upepo pale mwamba utakapoisha. Anaogopa mwendo. Anaogopa kwamba akisema tena ataambiwa amezidi. Kapteni akasikiliza yote. Dereva wa lori akasema yeye atatangulia, awakinge upepo, na watashuka kwa mwendo wa kobe. Kapteni akakubali.

"Mimi sitauliza tena nikiwa getini," akasema. "Na mtu hapandi tena kwenye tela, hata akinililia."

"Hata mimi," Bibi akaongeza kupitia dirishani. "Sasa na huyu. Mkwe wangu, sema na wewe. Useme kwa sauti, mashahidi tupo, na Mungu yupo."

Mama Pacha aliweka kiganja juu ya chuma cha ndoano. Bado kilikuwa na joto. Akamtazama mumewe, akamtazama mama mkwe wake, akamtazama yule mgeni mkubwa aliyevua kofia.

"Mbele za Mungu na mbele yenu," akasema, "siku nikiogopa nitasema naogopa, hata kama gari limesimama sawa kama meza, na hatutaondoka mpaka nimalize kusema."