Sakafu ya Mchanga Mweusi

Uani kipimo cha Salima kilikuwa kikilia mara mojamoja tu. Walipoingia chumba kipya, kikaanza kulia mfululizo.

Salima, mpimaji wa mionzi aliyekuwa akizungukia vijiji vya delta, aliinama akakisogeza karibu na sakafu. Mlio ukazidi.

"Mchanga huu mliutoa wapi?"

"Ufukweni, mto unakomwagia," alijibu Fikirini, mwenye nyumba. "Mzito, unashika vizuri na saruji. Chumba hiki nilimtengenezea mwanangu."

Mkewe, Mwanawetu, alikuwa na mimba ya miezi saba, na tangu sakafu ikauke alikuwa akilala humo. Mkono ukamwenda tumboni wenyewe.

Salima hakuwaficha. Mto huteremsha chembe za mawe kutoka bara. Mawimbi yakaondoa mchanga mwepesi, mweusi ukabaki umejikusanya mahali pamoja. Ndani yake mna madini ya thoriamu, nayo hutoa mionzi.

"Kupita juu yake si neno. Lakini kuulalia kila siku, tena na kichanga, siwashauri."

"Na huyu aliyemo tumboni?" Mwanawetu aliuliza.

"Kwa kiasi hiki sitarajii madhara, dada. Ila siwezi kukuapia."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomganda moyoni.

Fikirini alipandwa na hasira. "Mchanga huu tumeuchezea tangu utotoni! Nani kafa?"

Mwanawetu alichukua sururu iliyoegemezwa ukutani, akapiga sakafu pigo moja, akainua tena. Mumewe akamnyang'anya.

"Unataka kujiua na tumbo hilo?"

"Basi vunja wewe."

Fikirini akabaki ameishika, akiitazama sakafu aliyoilainisha kwa mikono yake. Kisha akavunja. Salima alimwambia aimwagie maji ili vumbi lisiruke, na Mwanawetu akae mbali. Kifusi kikarudishwa ufukweni kwa mtumbwi. Kipimo kilipoingizwa tena chumbani, kikalia mojamoja, kama uani.

Hata hivyo Mwanawetu hakupata amani. Mtoto akicheza sana tumboni, aliogopa. Akitulia, aliogopa zaidi.

Alijifungua mtoto wa kike katika hospitali ya Kibiti. Mkunga alipomlaza kifuani pake, Mwanawetu alifunua kanga haraka, akamkagua vidole, masikio, kisogo.

"Mzima huyo, mama. Unatafuta nini?"

"Ngoja kwanza nimtazame."

Hakuona kasoro. Akashusha pumzi, akamfunika vizuri. Kisha akamfunua, akaanza tena kwenye vidole.