Mgongo wa Mkufunzi

…nisinyooke, nisipumue kwa nguvu, nibaki hivi hivi nimeinama juu ya kitanda cha tisa, maana mgongo umekwama kama mlango uliovimba kwa mvua, na mama huyu mgonjwa, niliyemvuta peke yangu kumrudisha kwenye mto, anatabasamu akidhani namwinamia kwa heshima, “Ahsante, mwanangu, una adabu wewe,” adabu, laiti angejua, na ukutani juu yake limebandikwa bango lenye picha yangu mwenyewe, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, na maneno niliyoyatunga mimi, Mgonjwa huinuliwa na watu wawili… kitanda nacho kiko chini mno, mkono wa kukipandishia uling’oka juzi, nami nikasema nitawezana nacho, wiki ya tatu sasa nawezana na kila kitu, mume wangu hunifunga kamba za viatu kila asubuhi, nimemwambia ndiyo mapenzi, naye maskini hupiga goti kama mchumba, huniuliza, “Na vyangu atafunga nani?”… na leo saa sita matroni atanitangaza mkufunzi wa kuinua wagonjwa, hospitali nzima, mimi, niliyepinda kama kipini cha mwavuli, na akijua ninaumwa atamtangaza mwingine… viatu vyake hivyo, ko, ko, ko, yuko kitanda cha kwanza… “Dada,” ananiita binti wa mgonjwa, amekaa ng’ambo ya kitanda, na kwa kuinama kwangu nyuso zetu zimekaribiana kama za watu wanaosengenya, “kwa vile umenisogelea, nikuulize jambo la siri,” anashusha mtandio, masalale, mashavu yamewiva, ngozi inabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani, “Ni krimu ya chunusi, alinipa rafiki yangu, karatasi inasema mara moja usiku, mimi napaka mara tatu,” mara tatu! “Na ikichoma?” “Ikichoma naongeza, si ndiyo inafanya kazi?”… nisicheke, kicheko kinashukia kiunoni, oo, “Mbona hukwenda kliniki ya ngozi, si hapo chini tu?” “Niliona haya, dada, watu wangejua nina chunusi,” na sasa chunusi hazionekani, wala ngozi haionekani… “Iache leo hii,” nasema kwa ile sauti yangu ya darasani, “osha uso kwa maji matupu, ushuke ukamwone daktari, mtu hazidishi kinachomuumiza ili wenzake wasijue anaumia,” na mama anadakia, “Umesikia? Msikilize nesi, mwenzako anajua,” ninajua… jana kiuno kiliponichoma niliinua wagonjwa wawili zaidi, wasije wakasema nakwepa kazi, niliongeza, mimi mwenye picha ukutani, ila krimu ya binti inamuunguza binti peke yake, na mgongo wangu je… kitanda cha sita, ko, ko… nyonga ya mama huyu imeungwa kwa vyuma juzi tu, nilipomvuta alikuwa amelegea mikononi mwangu, mzito, ameniamini, mgongo ukakamata tayari amekwisha kufika kwenye mto, na ungekamata kabla, katikati, naye yu hewani… sikuwaza hilo, niliwaza saa sita… “Mbona unatoka jasho, mwanangu,” kitanda cha nane, naye matroni sasa nyuma yangu, “Nesi, kuna nini hapo?” na uongo ninao, uongo mzuri, namwonyesha binti huyu mkao usiofaa, matroni, angeucheka, angeuamini, angeuandika kwenye daftari kama juhudi… mama amenishika kifundo cha mkono, vidole vyake vyepesi kabisa, “Kuna nini, nesi?” matroni anarudia, “Siwezi kunyooka, matroni,” nasema nikiichungulia ncha ya kiatu chake chini ya kwapa langu, maana ndiyo pekee ninayoiona kwake, “na haikuanza leo.”